Asidi ya laktiki kwenye pipa: ikigoma, tafuta hapa kabla ya kulaumu mbegu

"Mbegu imekufa." Hiyo ndiyo kauli ninayoletewa kuliko zote na wanaochachusha molasi, maji ya jibini au mihogo hapa Tanga ili wapate asidi ya laktiki. Ni kweli mara chache. Mbegu ni bakteria wa laktiki wa kuanzishia uchachu, na bakteria hawa si dhaifu: ndio wanaochachua togwa na mtindi majumbani, bila maabara wala kipimajoto. Kinachowamaliza kwenye pipa kwa kawaida ni asidi waliyoitoa wenyewe, joto tulilowapa, au chokaa ya kuipooza asidi hiyo ikiwa imelala chini bila kufanya kazi. Kwa hiyo anza na dalili unayoiona. Mbegu mpya nunua mwisho.

Hesabu zote hapa ni za pipa la plastiki la lita 200, lenye lita 150 za uchachu na sukari ya asilimia 10 hivi. Molasi huwa na sukari karibu nusu ya uzito wake, hivyo kilo moja kwa lita nne za maji inakufikisha hapo. Maji ya jibini yana sukari ya asilimia 4.5 hadi 5 tu. Yatumie yalivyo, usiyaongezee maji. Pipa lililo sawa hunukia mtindi, hutoa viputo vidogo bila kelele, na pH yake (kipimo cha ukali; hushuka asidi inapozidi) hukaa kati ya 5.5 na 6 kwa msaada wa chokaa. Humaliza sukari ndani ya siku mbili hadi nne.

Vifaa vya kutafutia kosa ni vichache: kipimajoto kirefu kinachofika katikati ya pipa, karatasi za pH za hatua ndogo (zile za 1 mpaka 14 zenye rangi nne hazitakusaidia), iodini kwa wenye mihogo, na myeyusho wa Benedikti ule wa maabara za sekondari kwa kuangalia sukari iliyobaki. Sukari ya miwa Benedikti haioni mpaka uchemshe sampuli kwanza na tone la asidi, kisha uipooze makali kwa magadi.

Haidromita ya wapika pombe iache nyumbani. Sukari ikigeuka pombe, uzito wa kimiminika hushuka. Ikigeuka asidi ya laktiki haushuki sana, na chokaa inavyoyeyuka unaweza hata kupanda. Kuna mapipa yaliyoiva kabisa yanamwagwa kwa sababu "haidromita haijasogea". Ikishuka sana ndipo ushtuke, maana una hamira humo ndani.

"Tumeweka mbegu jana, pH ni ileile"

Kabla ya yote jiulize: chokaa ulishaiweka? Kama unga wa chokaa umo tangu mwanzo, pH haitashuka hata bakteria wakifanya kazi usiku kucha, kwa sababu kila asidi inayotoka inaliwa papo hapo. Angalia viputo na harufu. Chota kikombe, acha chokaa ituame, kisha onja kwa pua.

Kama kweli hakuna kinachoendelea, sababu ya kwanza ni joto, na mara nyingi ni joto la juu. Watu huchemsha molasi hadi nyuzi 80 au 85 kwa nusu saa kuua vijidudu, jambo zuri, kisha wanagusa pipa kwa kiganja, wanaona "limepoa", wanamimina mbegu. Plastiki ni nene na inadanganya mkono. Katikati panaweza kuwa na nyuzi 60 bado. *Lactobacillus delbrueckii* anapenda 42 hadi 45. *Lactobacillus plantarum* anapenda 30 hadi 37. Shusha kipimajoto hadi katikati, koroga, soma tena. Upande wa pili ni usiku wa Kusi, mwezi wa Juni hadi Agosti, ambapo pipa lililo barazani linapoa bila mtu kujua. Lifunge magunia na turubai, au liweke ndani ya tanki la maji moto.

Sababu ya pili ni mbegu kutolingana na sukari. Hii hupuuzwa sana. Mbegu ya mtindi imezoea sukari ya maziwa, na *bulgaricus*, mmoja wa bakteria wake wawili wakuu, haigusi sukari ya miwa. Ukimmiminia molasi, atakaa akikutazama. Kwa molasi omba maabara ikupe *delbrueckii* wa kawaida, anayekula sukari ya miwa. Huyo naye hali ya maziwa, kwa hiyo usimpeleke kwenye maji ya jibini peke yake.

Ya tatu ni maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mmoja au uyachemshe. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi. Yakikolea kinywani, yatafutie kazi nyingine.

Ya nne ni njaa. Bakteria hawa hawajui kujitengenezea vitamini za kundi B wala sehemu kubwa ya viini vya protini, na molasi peke yake ina sukari tele lakini chakula kingine kidogo. Kiwandani huongeza dondoo la hamira, ambalo ni ghali. Sisi tunachanganya maji ya jibini sehemu moja kwa molasi tatu, au tunatumia pumba laini za mpunga zilizolowekwa, zikachemshwa na kuchujwa.

Ya tano ni ya wenye maji ya jibini: dawa ya ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele yakiingia kwenye jibini kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kuisha, antibiotiki inakuja nayo hadi kwenye pipa. Kuipima ni rahisi. Chukua vikombe viwili, kimoja maji unayoyashuku, kingine maziwa ya ng'ombe unayemjua, tia mbegu ileile, vikae mahali pamoja usiku mmoja. Cha pili kikiganda na cha kwanza kikabaki kitamu, huna cha kurekebisha. Kimwage, ukaongee na mfugaji.

"Ilianza vizuri, siku ya pili imesimama"

Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko dalili nyingine zote ukizijumlisha, na karibu kila mara jibu ni chokaa.

Asidi ya laktiki humsonga anayeitoa. Ikishuka pH chini ya 5 bakteria wanapunguza mwendo. Ikikaribia 4 wengi wanasimama, ingawa sukari iko tele. Wanangoja. Ndiyo maana tangu zamani kiwanda cha asidi ya laktiki hakiendi bila kitu cha kuipooza, na cha bei nafuu ni unga wa mawe ya chokaa. Tanga hatuna shida nayo: ni jiwe lilelile la mapango ya Amboni.

Angalia kwanza kama chokaa imo kweli ndani ya maji. Ingiza ubao mrefu hadi chini, ukwangue. Mara tisa kati ya kumi utakuta tabaka gumu la unga limetuama, juu yake maji makali ya pH 4. Koroga kwa nguvu dakika kumi, subiri nusu saa, pima tena. pH ikirudi juu ya 5, ugonjwa umeuona: pipa linataka kukorogwa kila baada ya saa chache, usiku pia.

Kisha angalia kipimo. Kila kilo 10 za sukari zikigeuka zote, zinahitaji kilo 5.5 za unga wa chokaa. Pipa letu lina kilo 15 za sukari, hivyo zinatakiwa kama kilo 8.3. Watu huweka kilo mbili kwa sababu mfuko ulikuwa mdogo, halafu pipa linasimama likiwa limekula robo ya sukari yake, na hesabu inakubaliana nalo.

Kisha aina. Madukani kuna vitu viwili vinavyoitwa chokaa. Ile ya chakula cha kuku ni jiwe lililosagwa tu, na ndiyo unayoitaka, kwa sababu haiwezi kupandisha pH kupita kiasi hata ukizidisha. Ile ya kupaka ukuta imechomwa ikazimwa. Ina pH zaidi ya 12, na ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo umewaua bakteria ambao hawakuwa wamekufa. Ukiwa huna budi kuitumia, tia vijiko kidogokidogo huku unapima, usivuke 6. Ya kuku utaijua kwa ndimu: kamulia matone, itachemka povu. Iliyozimwa haichemki sana. Chokaa hai, ile ya mabonge ambayo haijazimwa, usiiguse kabisa kwa kazi hii. Ikikutana na maji huchemka na kurusha vipande machoni.

Ukishahakikisha chokaa, joto na chakula, na bado pipa limesimama ghafla kwenye pH nzuri, fikiria virusi vya bakteria, hasa kama unatumia maji ya jibini na unaanzisha pipa jipya kwa kuchota kutoka pipa la zamani. Dalili yake ni ukatili wake: leo moto, kesho baridi, na kila pipa linalofuata linakufa mapema zaidi. Hapo ndipo mbegu ina hatia kidogo. Safisha kila kitu kwa klorini, acha kuchota pipa kwa pipa, badilisha aina ya mbegu, na itunze katika chumba kisichopitishwa ndoo za maji ya jibini.

Wengine hupima asidi kwa titresheni na kostiki soda (kila mililita ya myeyusho wa 0.1 M ni gramu 0.009 za asidi ya laktiki) wakapata asidi kidogo, wakakata tamaa. Kipimo hicho kinaona asidi iliyo huru tu. Asidi yako iko kwenye kalsiamu lakteti, chumvi inayotokea asidi ikikutana na chokaa. Hesabu chokaa iliyoliwa, au pima sukari iliyobaki.

Harufu imegeuka

Fungua mfuniko, subiri, nusa kwa mbali.

Harufu ya tembo la mnazi ni hamira. Husababishwa na joto kuwa 30 badala ya 45, au molasi kutochemshwa. Hamira nyingi hazivumilii nyuzi 45, kwa hiyo joto lenyewe ni ulinzi. Ukiiwahi siku ya kwanza, pandisha joto na uongeze mbegu nyingi, hadi asilimia 10 ya ujazo. Ukichelewa, sukari imeshakuwa pombe na haitarudi.

Harufu ya siki inataka hewa ili itokee. Mara nyingi pipa liko nusu, mfuniko hauzibi, au mnakoroga kwa kurusha maji juu. Lijaze, lifunike, koroga kutoka chini. Kama pipa limefungwa vizuri na siki bado ipo, una bakteria wa aina ile inayotoa asidi ya laktiki nusu na nusu vitu vingine. Hapo ndipo mbegu safi ya maabara inapolipa.

Harufu ya samli iliyoharibika, au matapishi kwa wasiopenda lugha laini, ni asidi ya butiriki. Hii ni mbaya kuliko zote, kwa sababu bakteria wake hawali sukari yako tu, wanakula asidi ya laktiki uliyokwisha kuitengeneza. Louis Pasteur aliyeeleza uchachu wa laktiki mwaka 1857 ndiye aliyewakuta hawa pia miaka michache baadaye, akashangaa kwamba wanaishi pasipo hewa. Spora zao, yaani vijimbegu vyao sugu, ziko kwenye udongo na hazifi kwa nyuzi 85. Wanaingia na mihogo isiyooshwa, mabaki ya mkonge yaliyoburutwa chini, au molasi ya pipa lenye matope. Wanapenda pH 5.5 hadi 6, yaani palepale unapopataka wewe. Kinga ni kuosha na kumenya vizuri, kuanza na mbegu nyingi, na kutoliacha pipa lililoiva likae: sukari ikiisha, pasha moto hadi 80 na uchuje siku hiyohiyo. Uchachu ulionuka hivyo haukombolewi. Peleka kwenye shimo la biogesi. Hale, hapahapa mkoani Tanga, walijenga mtambo mzima wa kula mabaki ya mkonge kwa njia hiyo. Bakteria hawa hutoa haidrojeni, ambayo inawaka. Zima jiko la mkaa na sigara kabla ya kufungua mfuniko.

Yai bovu ni haidrojeni salfaidi. Toka nje. Pua huizoea haraka na kuacha kuinusa wakati yenyewe bado ipo, kwa hiyo "harufu imeisha" si ushahidi wa usalama.

Pipa limevimba, au povu linamwagika

Chokaa inapokula asidi hutoa hewa ya ukaa. Zile kilo 8.3 zikiisha zote zitakuwa zimetoa karibu lita 2,000 za hewa hiyo, kutoka kwenye pipa la lita 200. Usifunge mfuniko kwa skrubu. Weka bomba linaloishia kwenye chupa ya maji. Chokaa iongeze kwa awamu, kamwe si kilo tano ndani ya pipa lililoshuka hadi pH 4, vinginevyo utaipokea usoni.

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hukaa chini, ndani ya tanki na kwenye vyumba visivyo na madirisha. Hakuna mtu kuingia ndani ya tanki la uchachu kulisafisha au kuokota ubao, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja. Mtu akianguka ndani, usimfuate; watu wengi hufa wakiokoa. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, huku mkipuliza hewa safi ndani. Tanki hulazwa ubavu na kuoshwa kwa mpira kutoka nje.

Wanaojaribu majimaji ya korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, wana povu lao la pekee, linalotokana na saponini za mkonge. Matone machache ya mafuta ya nazi hulituliza. Ila majimaji hayo yana sukari kidogo mno kwa sababu ya maji yanayotumika kwenye kuchakata, na yanawasha ngozi. Kwa maoni yangu pipa dogo halilipi kwa mkonge. Kama una hamu nayo, waone watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Muheza, kabla ya kununua mapipa.

Uchachu unavuta kama bamia

Ni *Leuconostoc*, anayegeuza sukari ya miwa kuwa utelezi. Hupenda nyuzi 20 hadi 30. Chemsha molasi, shikilia 45, sugua mabomba. Uchachu wenyewe bado una asidi lakini kuuchuja ni adhabu.

Pipa limeganda

"Asubuhi tumekuta uji mzito mweupe." Hongera, hiyo ndiyo mali. Kalsiamu lakteti huyeyuka vizuri kwenye joto na kuganda ikipoa, na kwa sukari ya asilimia 10 unakaa ukingoni. Umeme au jiko likizima usiku, linaganda. Mwaka 1881 Charles Avery alianzisha kiwanda huko Massachusetts, Marekani, akitaka kuuza kitu hikihiki kwa waoka mikate, na biashara haikumwendea.

Mashine ya kukorogea izime kwanza, maana mota itaungua. Zungusha maji moto nje ya pipa mpaka nyuzi 80 kama plastiki yako inahimili, au hamishia kwenye sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu. Pipa lijalo anza na sukari ya asilimia 8.

Mihogo: iodini bado inageuka buluu

Wanga haujavunjwa. Bakteria wengi wa laktiki hawali wanga, wanataka sukari. Uji wako haukuiva, au kimea ulikitia ukiwa na moto mno. Pika mpaka ung'ae, acha ushuke hadi nyuzi 60 au 65, tia kimea, shikilia hapo saa mbili, pima kwa iodini kabla ya kushusha tena hadi joto la bakteria. Anayepika togwa anazijua hatua hizi kwa kidole.

Mihogo michungu ikikwanguliwa hutoa sianidi. Kwangua nje penye upepo, pika bila mfuniko, na maji ya kwanza yasifike kwa mbuzi. Kichwa kikiuma au kizunguzungu kikianza kazini, acha kila kitu, toka, nenda hospitali ukawaambie ulikuwa unashughulika na mihogo michungu.

Hatua ya asidi ya salfuriki

Kuitoa asidi ya laktiki kwenye chokaa kunahitaji asidi ya salfuriki, na hapa utatuzi wangu wa mbali unakoma. Kemikali hiyo inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, na hatua hii iongozwe na mkemia aliyesimama hapo na wewe. Asidi huingizwa kwenye maji, taratibu. Maji hayamwagwi kwenye asidi. Wapo wanaotumia maji ya betri za magari. Betri iliyotumika ina risasi, na risasi hiyo itaishia kwenye bidhaa.

Malalamiko mawili yanatosha. "Kitambaa kinaziba": jasi inatoka karibu kilo moja kwa kila kilo ya asidi, kwa hiyo chuja ikiwa moto, na asidi iongezwe polepole ili punje ziwe kubwa. "Asidi yetu ni ya kahawia": ni rangi ya molasi. Makaa yaliyoamilishwa huipunguza, hayaiondoi yote. Kabla ya kuhangaika nayo, muulize mnunuzi. Mtengeneza chakula atataka nyeupe na cheti cha TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Wa PLA, plastiki zinazotengenezwa kwa asidi hii, atauliza kama ni ya umbo moja kati ya maumbo yake mawili, L au D, na mbegu mchanganyiko itakuangusha hapo. Mwenye kiwanda cha ngozi anaitaka ya kuondolea chokaa kwenye ngozi mbichi, na mara nyingi rangi haimkeri.